Mawese yakiganda chupani: uvuvi wa ndoana Mto Malagarasi wakati wa kipupwe

#1 Kafi la Uvinza

Wakuu, salaam. Kila mwaka ukiingia mwezi wa sita vijana wanaoshuka mtoni na ndoana wananiuliza swali lilelile: mzee, samaki wamekwenda wapi? Masika walikuwa wanajaza ndoo ndani ya saa mbili. Sasa wanakaa tangu alfajiri mpaka jua la utosi, wanarudi na perege wawili wa kumpa paka. Wengine wameshahitimisha kwamba mto umekwisha.

Haujaisha. Samaki wapo, tena kwa miezi hii wamekusanyika kuliko wakati mwingine wowote. Tunachokosea ni kuvua kipupwe kwa mazoea ya masika. Nimevua Malagarasi, huku kwetu Kigoma, miaka ishirini na tatu, na miaka kama minane ya mwanzo nilikosea hivyohivyo, kwa hiyo naomba tulizungumze kwa kirefu.

Kipimo changu cha kwanza hakiko mtoni, kiko jikoni. Nikiamka nikakuta mawese yameganda chupani, ule wekundu wa kung'aa umefifia umekuwa rangi ya chungwa zito, na mama watoto ameisogeza chupa karibu na jiko ndipo yamiminike, najua hakuna haja ya kuwahi mtoni. Nanywa chai yangu taratibu.

Sababu ni hii. Samaki hana moto wake mwilini kama sisi. Mwili wake unafuata maji. Kwa kukadiria, maji yakishuka nyuzi 10, shughuli za mwili wake zinapungua kama nusu: anapumua taratibu, chakula kinakaa tumboni muda mrefu, njaa inachelewa. Perege anachangamka kwenye nyuzi 28 hadi 30 hivi. Yakishuka chini ya 20 anaanza kususa. Kambale ni mvumilivu zaidi, lakini naye anakuwa mzito, anakipitia chambo mara tatu kabla hajakigusa.

Mwaka juzi kijana wangu alikuja likizo na kipimajoto cha kioo, tukakifunga kwenye kamba yenye chubwi. Ilikuwa mwezi wa saba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pale ukingoni, maji ya magotini, kilisoma 18. Tukatoka na mtumbwi tukakishusha kwenye kilindi kilicho chini ya mkuyu, kikasoma 21. Saa tisa alasiri tukarudia: ukingoni palepale 25, kilindini 22. Nilikaa nikakitazama kile kioo kwa muda. Miaka yote nilikuwa naijua hiyo tofauti kwa ngozi ya miguu tu, sikuwahi kuiona kwa namba.

Kwa hiyo mnaofika alfajiri na kutupa ndoana ukingoni kama mlivyozoea mwezi wa tatu, mnatupa mahali penye baridi kuliko pote mtoni, saa yenye baridi kuliko zote. Samaki amehama hapo tangu usiku.

Mimi sasa nafanya hivi. Nafika saa nne. Kuanzia saa nne hadi saa saba navua kilindini, chini kabisa, kwa mshipi mwembamba, chubwi ndogo na ndoana ndogo. Wanaotumia namba 7 wajaribu 12, na wageni wakumbuke kwamba namba ikikua ndoana inapungua. Chambo kiwe kidogo, nyungunyungu mmoja aliyekatwa nusu anatosha. Samaki aliyepoa hataki kufungua kinywa kwa ajili ya karamu. Jua likishapiga kingo, kuanzia saa nane, nahama na perege: nasogea kwenye maji mafupi yenye matope meusi, maana matope hayo yanashika joto na ukijani unaoota juu yake ndicho chakula chao. Ikifika saa kumi na moja unusu nafunga. Wa kambale wabaki, usiku ni wao.

Na jamani, tulieni. Maji ya kipupwe ni meupe. Masika mto ni uji wa kahawia, unaweza kucheza ngoma ukingoni samaki asikuone. Sasa hivi unaona jani lililozama hatua mbili chini ya maji, na yeye anakuona wewe. Kaeni chini, vaeni nguo za rangi ya majani makavu, kivuli chenu kisilale majini.

Maswali karibuni. Wenye uzoefu wa Nguruka, Ziwa Sagara na upande wa Ugalla, nawasubiri.

#2 Baharia wa Kibirizi

Mkuu umenena. Sisi wa ziwani tunaijua baridi kwa jina lingine: kusi. Kuanzia mwezi wa tano upepo unavuma kutoka kusini-mashariki, unasukuma maji ya juu yenye joto kuja huku kaskazini, na kule kusini mwa Tanganyika maji ya baridi ya chini yanapanda kuziba pengo. Yanapanda na mbolea ya vilindini, ziwa linakula, baadaye dagaa na migebuka wanakula. Kwa hiyo kwetu baridi si adui, ni mwanzo wa shibe.

Swali langu: umesema alfajiri kilindini kuna joto kuliko ukingoni. Sisi ziwani chini ndiko kwenye baridi. Mnaelewanaje na huo mto wenu?

#3 Binti Usinge

Shikamoo mzee Kafi. Mimi niko upande wa Tabora, Usinge, tunavua na kununua samaki wa Sagara na wa mtoni. Uliyosema kuhusu saa nne ni kweli tupu. Marehemu babu alikuwa akisema samaki wa kipupwe ni kama mjukuu wake, haamki kabla ya uji.

Naongezea la chambo. Kwa perege msimu huu nyungunyungu hawanifai sana. Nakanda unga wa muhogo na mawese kidogo sana na ukijani nilioukwangua kwenye jiwe la mtoni. Nafinyanga tonge dogo kama punje ya mahindi. Mawese yakiwa mengi tonge linakuwa gumu kwenye maji ya baridi, linakaa kama kokoto, perege analigonga na mdomo na kuondoka. Nililijua hilo baada ya wiki nzima ya kuona boya linatingishika halizami. Nikapunguza mawese, nikaongeza mate ya bamia, likawa linamomonyoka polepole. Siku hiyo nilitoa kumi na tisa.

#4 Mgeni wa Nguruka

Naunga mkono hoja ila na mimi nina la kuuliza. Mwezi huu gogogo wananisumbua, wale wenye miiba mitatu wanaolia ukiwatoa majini. Kila nikishusha kilindini ni wao tu. Nimechomwa kidole mara mbili, kimevimba siku nne. Ninawakwepaje?

#5 Kafi la Uvinza

Marahaba mwanangu Binti Usinge. Hilo la bamia sikulijua, kesho najaribu.

Mgeni, gogogo ni wa chini kabisa na ni wa gizani. Pandisha chambo kiasi cha shubiri moja na nusu kutoka kwenye matope kwa kusogeza boya, na usivue chini ya magogo. Ukimpata, usimshike kwa kiganja. Mguse kwa kitambaa kizito, ukibana ule mwiba wa mgongoni uwe katikati ya vidole. Akikuchoma, weka kidole kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, maumivu yanapungua. Ukiona uvimbe unapanda mkononi nenda zahanati, usisubiri siku nne.

Baharia, swali lako ni zuri na kusema kweli limenikwamisha. Nilichopima nimekipima, lakini kwa nini chini kuwe na joto zaidi alfajiri, nilikuwa naamini ni ardhi inayopasha maji. Mwenye elimu atusaidie.

#6 Mwana wa Kasulu

Wakuu habari. Mimi ni mtu wa Kasulu ninayeishi Uingereza, huu ni mwaka wa tisa, na uvuvi wa ndoana ndio umenifanya nisichizike na upweke. Huku navua mtoni mwezi wa kumi na moja, mwisho wa vuli ya kizungu, majani yote yameanguka, jua linazama saa kumi jioni. Naomba nilijibu la Baharia maana nimelihangaikia sana.

Mto si kama ziwa. Ziwa kubwa limejipanga kwa matabaka, jepesi la joto juu na zito la baridi chini. Mto unaotembea unajichanganya wenyewe, kwa hiyo juu na chini joto linakaribiana. Kilindi chenu hakipashwi na ardhi. Kinachotokea ni kwamba maji ni mengi, na maji mengi yanapoa taratibu. Ukingoni kuna maji kidogo, mbingu haina wingu, usiku kucha joto lake linapotea angani, kama sufuria ndogo inavyopoa kabla ya pipa. Ndiyo maana mchana mambo yanageuka: sufuria ndogo inapata moto haraka, pipa linabaki vilevile. Vipimo vya mzee vinasema hivyohivyo, kilindini nyuzi moja tu kati ya alfajiri na alasiri, ukingoni nyuzi saba.

Sababu ya pili, na huku ndiyo kubwa, ni mkondo. Samaki aliyepoa hana nguvu za kupambana na maji yanayokwenda kasi. Anatafuta mahali pa kupumzikia, nyuma ya jiwe, kwenye kona ya ndani ya mto, kwenye kilindi kinachozunguka taratibu. Mto wa huku ukifika nyuzi 5, unaweza kuvua kilomita nzima ya mto usipate kitu, halafu kwenye shimo moja la ukubwa wa chumba wamelala samaki wote wa kilomita hiyo.

Nyuzi 18 zenu zingekuwa kiangazi huku. Lakini samaki hapimi baridi kwa kipimajoto cha mtu mwingine. Perege amezoea 28, ukimshusha hadi 18 umempokonya nyuzi kumi. Kuna samaki huku anaitwa grayling, mwenye pezi la mgongoni kubwa kama tanga. Yeye baridi ndiyo raha yake, mwezi wa kumi na moja anakula kama kawaida wakati wenzake wamelala. Kila maji na mwenyewe.

#7 Baharia wa Kibirizi

Asante mkuu wa Kasulu, la pipa na sufuria limenikaa. Tupe zaidi ya huko basi, tujifunze.

#8 Mwana wa Kasulu

Nitaeleza machache tu, nisiuteke uzi wa mzee.

Kwanza, kuvua kwa ndoana kwenye mito ya England lazima uwe na leseni ya fimbo ya kuvulia, na samaki wa kawaida wa mtoni wana msimu wa kufungwa, kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni. Vuli kuna sheria nyingine kwa samoni na trauti, kwa sababu hao wanataga mwishoni mwa vuli na majira ya baridi. Jike anachimba changarawe kwa mkia, anaacha mayai chini ya mawe. Ukiona sehemu ya changarawe iliyosafishwa ikang'aa kuliko nyingine, hukanyagi. Unazunguka hata kama ni hatua mia mbili. Nimewaona wazee wa huku wanawasimamisha wageni kwa adabu na kuwaonyesha kidole: hapo wamelala watoto.

Pili, majani. Mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha, mto unabeba majani kama mkeka. Kila ukitupa unavuta jani. Ukivumilia siku tatu nne yanapita, maji yanashuka, yanakuwa na rangi ya chai ya rangi, na hizo ndizo siku nzuri kuliko zote.

Tatu, baridi yenyewe. Asubuhi ya barafu zile pete za fimbo zinaganda, mshipi haupiti, unazichovya majini au unazipuliza kwa pumzi. Vidole havifungi fundo. Nilijifunza kufunga ndoana kumi nyumbani usiku, kila moja na kipande chake cha mshipi, nikifika naunganisha tu. Na sivui peke yangu sehemu yenye ukingo wa utelezi. Ukianguka kwenye maji ya nyuzi 5, pumzi inakatika kwa mshtuko hata kabla hujapoa, na mikono inakosa nguvu ndani ya dakika chache. Navaa koti la kuelea.

Mwisho, samaki wa baridi akitolewa asilazwe kwenye nyasi zenye barafu, ngozi na macho yake yanaungua. Mikono iloweshwe kwanza. Kama unamrudisha, mshike ameelekea mkondo unakotoka mpaka aondoke mwenyewe. Anachelewa kurudiwa na nguvu kuliko wa kiangazi.

Ninachokikumbuka kuliko vyote ni ule ukungu wa Malagarasi alfajiri. Huku upo pia. Unapanda kwenye maji kama mvuke wa chungu, na mara zote nikiuona nasimama.

#9 Kafi la Uvinza

Mwanangu wa Kasulu, Mungu akubariki. Umenifungua jambo nililolibeba vibaya kwa miaka ishirini. Basi na ule ukungu nimeuelewa: hewa imepoa kuliko maji, ndiyo maana maji yanafuka. Kumbe mto alfajiri ni wa moto kuliko hewa tuliyosimama ndani yake.

Na hilo la watu kukusimamisha na kukuambia “hapo wamelala watoto” limenigusa pabaya, kwa maana nilikuwa najiuliza kama niliandike humu au niache. Naliandika.

Maji yakipungua baada ya masika, mbuga zinakauka kuanzia kule Moyowosi kushuka huku. Samaki waliokuwa wamesambaa kwenye nyasi wanarudi mtoni, na mtoni wanarudi vilindini. Kwa hiyo kilindi kimoja cha kipupwe ni kijiji. Kina wazazi watakaotaga mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza. Sisi wenye ndoana tunachukua mmojammoja, na wenyewe wazito, wanakataa chambo. Ndoana haiwezi kukimaliza kilindi. Lakini nyavu za macho madogo zilizoziba mto mzima, ukingo hadi ukingo, zinakimaliza usiku mmoja. Na utupa, ule mmea wa sumu ya samaki, unakimaliza kwa saa moja.

Mwaka wa 2021, mwezi wa nane, nilifika kwenye kilindi cha mkuyu saa nne yangu ya kawaida. Kabla sijaona kitu nilisikia nzi. Halafu nikaona weupe juu ya maji, nikadhani ni maua ya mti. Yalikuwa matumbo. Perege wakubwa, kambale, gogogo, vifaranga vidogo kama kucha, vyote vimegeuka. Kwenye jiwe kulikuwa na majani ya utupa yaliyotwangwa, bado ya kijani, na mchi umeachwa palepale. Waliofanya walichukua wakubwa kadiri ya walivyoweza kubeba, waliosalia wakawaachia mto. Sumu ya utupa inamzuia samaki kutumia hewa aliyoivuta, anakufa amejaa hewa asiyoweza kuitumia. Na msimu huu maji yametulia, hayaiondoi haraka kama ya masika.

Nilipiga kafi nikarudi bila kufungua mshipi. Kilindi kile kilinichukua misimu mitatu kabla sijatoa tena perege wa kiganja.

Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti, hilo kila mtu analijua. Nilikwenda kutoa taarifa ofisi fulani, nikaambiwa nilete majina. Sikuwa na majina, nilikuwa na mchi. Mpaka leo ninao.

#10 Binti Usinge

Mzee pole sana. Hapa Usinge tulishafikia hali ya mtu kununua kambale sokoni na kumtazama jicho kwanza.

Nisemalo ni hili, mnunuzi ana nguvu kuliko mnavyofikiri. Sisi akina mama wauza samaki tulikaa tukakubaliana: ndoo ya vifaranga hatununui, hata kwa bei ya kutupa. Samaki wa ndoana ana alama kwenye mdomo, wa wavu ana mistari kwenye mapezi na magamba yaliyochubuka. Wa sumu hana alama yoyote, amelegea tu. Ukiletewa shehena nzima haina hata mmoja mwenye jeraha, uliza. Mwanzo tulipoteza wateja. Mwaka wa pili wavuvi wawili waliokuwa wakileta vifaranga walianza kuleta wakubwa, maana wadogo hawakuwa na pa kuwapeleka.

#11 Mgeni wa Nguruka

Dada hilo ni zito, nalichukua nalipeleka kwa kikundi chetu cha BMU, kile cha wavuvi wanaosimamia uvuvi.

Ila watu wanaokwenda vilindini wakumbuke na wenyeji wengine. Mwezi uliopita nilifika saa nne kama mzee alivyosema, jua limeanza kupiga mchanga, nikataka kukaa. Nikaona gogo. Gogo lilikuwa na macho.

#12 Kafi la Uvinza

Umefanya vizuri kulisema, nilipaswa kuanza nalo.

Mamba naye mwili wake unafuata hewa na maji. Kipupwe anatoka asubuhi kuota jua, na mahali anapopenda ni palepale tunapopapenda sisi: mchanga mtupu, unaotazama mashariki, karibu na kilindi. Kwa hiyo ukifika usikimbilie kukaa. Simama mbali, tazama mchanga wote, tafuta mburuzo wa tumbo na mkia. Ukiukuta na una unyevu bado, hama. Usichote maji mahali pamoja siku mbili mfululizo, na usioshe samaki ulipokaa kuvua. Damu na matumbo vipelekwe mbali.

Kiboko ni hatari kuliko mamba kwa sisi wa mitumbwi. Usiku anakula nchi kavu, alfajiri anarudi majini kwa njia yake ileile, na siku za baridi anaweza kuchelewa juani mpaka mchana. Usikae kati yake na maji. Njia yake utaijua, ni mifereji miwili iliyokanyagika yenye nyasi katikati. Ukiiona njia hiyo inashukia kwenye kilindi chako, kilindi hicho ni chake.

Na tusiingie kwenye mapori ya akiba bila kibali. Bonde hili la Malagarasi na Muyovozi (ndiyo Moyowosi ileile) lilitambuliwa kimataifa kama ardhi oevu muhimu mwaka 2000, la kwanza kwa Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar. Samaki tunaowavua huku nje wanakulia kule ndani.

#13 Mama Migebuka

Hodi wanaume na Binti Usinge. Mimi wa Kigoma mjini, sivui, nakaanga. Naomba kusema la jikoni.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, migebuka na dagaa wabichi hatukuwaona, tukawageukia kambale wa mtoni na wa Sagara wanaoletwa kwa treni wamebanikwa. Nilijifunza kwamba kambale wa kipupwe ana mafuta kuliko wa masika. Ameshiba mbugani, halafu amepoa, hatumii alichonacho. Ukimbanika anadondosha mafuta kwenye moto mpaka moto unawaka, kwa hiyo moto uwe mdogo na wa moshi, kuni ngumu iliyokauka. Kuni yenye utomvu inamfanya mchungu.

Kumpika: mloweshe kwenye maji ya vuguvugu, toa mifupa ya kichwa, yeyusha mawese (ndiyo, yameganda, mzee amesema kweli, asubuhi nachota kwa kijiko kama asali), weka vitunguu, nyanya chungu, bilinganya, acha vilainike kabla ya samaki. Usimkoroge, tikisa sufuria. Ugali wa muhogo pembeni. Mume wangu alikuwa akisema kambale wa matope hali, sasa ananiuliza treni linafika lini.

#14 Mwana wa Kasulu

Mama umeniliza. Huku mawese nayapata kwa duka la Waghana, rangi ni yenyewe, harufu si ya Kigoma.

#15 Baharia wa Kibirizi

Mzee Kafi, swali la mwisho kwangu. Mwezi unahusika mtoni? Sisi wenye taa, mwezi mpevu tunapumzika, dagaa hawafuati taa wakati mbingu yote inawaka.

#16 Kafi la Uvinza

Kwa perege wa mchana sijaona tofauti. Kwa kambale naiona. Usiku wa giza anatoka kilindini anakuja mpaka ukingoni kuwinda hata kukiwa na baridi, usiku wa mwezi anabaki chini. Anayetaka kambale wa ndoana kipupwe asubiri giza la mwezi, atege saa moja jioni kwa utumbo wa kuku au kipande cha sabuni ya mche, afunge mshipi kwenye kijiti cha kijani kinachopinda, si kikavu kinachokatika.

#17 Kafi la Uvinza

Nimerudi mtoni Jumamosi, naleta taarifa kama nilivyomwahidi Binti Usinge.

Nilikwenda kilindi cha mkuyu. Nilifika saa nne na robo, ukungu umeshaondoka, mchanga mkavu hauna mburuzo. Nikakanda unga wa muhogo, mawese tone moja, na utelezi wa bamia mbili. Kwa muda wa saa tatu nzima kilindini nilipata gogogo mmoja, nikamrudisha. Saa nane nikasogea kwenye matope meusi upande wa magharibi, jua limeyapiga, nikatia mguu, vuguvugu. Nikakaa chini nyuma ya matete.

Boya lilisimama kama dakika ishirini. Halafu halikuzama. Lilienda pembeni, polepole sana, kama mtu anayesogeza kikombe mezani kwa kidole. Masika ningelivuta. Nikahesabu mpaka nne, nikanyanyua kiganja tu.

Perege kumi na mmoja mpaka saa kumi na moja. Wanne walikuwa majike wenye matumbo yaliyojaa, hao nimewarudisha palepale, nikawashika wakielekea juu ya mto mpaka walipoondoka. Mmoja alichelewa. Alikaa kwenye kiganja changu anapumua, nikahisi matamvua yakinigusa kidole yakifunguka na kufunga, maji ni baridi na yeye ni baridi vilevile, halafu akapiga mkia mara moja akazama upande wa mkuyu.

Bamia inafanya kazi, Binti. Wiki ijayo nakuja Usinge kwa treni na huo mchi, tukae na hao akina mama.